"-holic" au "-mania" kwenye kibao cha kahawa?

Kijana anayefungua kibanda cha kahawa ya Mbozi hapa Mwanjelwa, Mbeya, ameniuliza aandike "coffeeholic" au "coffeemania". Mimi nasema "-mania". Ni Kigiriki, maana yake wazimu, lakini hubeba pia shauku ya umati, kama Beatlemania, ule wazimu wa mashabiki wa bendi ya Beatles, Uingereza mwaka 1963.

"-holic" kimekatwa kutoka "alcoholic", yaani mlevi wa pombe. Asili yake ni Kiarabu, al-kuhl: ule unga laini wa wanja, ajabu kweli! Wayne Oates wa Marekani alieneza "workaholic" kwa kitabu chake cha 1971, akifananisha uraibu wake wa kazi na ulevi. Alimaanisha ugonjwa. Huku kwetu komoni, pombe ya kienyeji, imevunja nyumba nyingi. Kiambishi hicho kukiona kwenye kikombe kunaniuma.