Nyota tatu kwa kamusi ya simu iliyotaka kunigombanisha na watu wa Tanga

Nina steshenari ndogo Mwenge. Natoa kopi, nachapa, na mtu akija na barua ya Kiingereza namtafsiria. Kwa hiyo mwezi wa kwanza nikajitutumua, nikalipia kamusi ya simu, Kiingereza kwa Kiswahili, Sh 15,000 kwa mwaka. Jina lake siliweki hapa, wenyewe nao wanatafuta riziki.

Mazuri yapo. Haitaki bando, ukishaipakua imekaa. Inakusomea neno kwa sauti, na haisumbui hata kwenye simu yangu hii yenye kioo kilichopasuka. Tatizo ni ubahili: neno moja la Kiingereza, neno moja la Kiswahili, basi.

Mwezi wa tatu alikuja mama mmoja. Binti yake amekulia Leeds, Kiswahili chake cha kuokoteza, anaolewa Tanga. Alikuwa ameandika barua fupi isomwe mbele ya shangazi za mchumba wake, na humo akasema kwamba ana "jitters" kidogo. Sikulijua. Nikabonyeza, kamusi ikajibu: wasiwasi. Nikaandika "Nina wasiwasi kidogo kuhusu ndoa hii", nikachapa, nikapokea elfu tatu yangu.

Kesho yake jioni simu. "Dada, umeniandikia nini? Shangazi mtu anauliza, wasiwasi gani alio nao na kijana wao? Kuna kitu amesikia?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Wasiwasi kwetu si neno jepesi. Sura ya An-Nas ya Kurani tumeisoma tangu madrasa, tunamjua huyo shetani anayeitwa humo waswas, anayenong'ona vifuani mwa watu. Ukisema una wasiwasi na mtu, umeshamshuku. Yule binti hakuwa na shaka yoyote. Usingizi ulikuwa hauji, vidole vinatetemeka, tumbo linamcheza, na hayo yote huisha bibi harusi akishakaa kitini. Huo ni mchecheto. Bibi yangu angesema kimuhemuhe. Kiherehere nacho kingefaa zamani, kiherehere cha moyo, ila siku hizi ukimwambia mtu ana kiherehere anajua umemtukana.

Nikamtumia yule mama sauti: mwambie shangazi mwanao ana mchecheto tu wa ubibi harusi. Baada ya dakika kumi ikarudi sauti ya shangazi mwenyewe, anacheka mpaka anakohoa.

Baadaye nililifuatilia neno lenyewe, "jitters". Ni la mazungumzo, lilianza kuonekana Marekani miaka ya 1920, na kwa maana hii huja kwa wingi, lina s mwishoni. Halina uzito wa kumpeleka mtu hospitali. Mtu anaweza kulipata kwa kahawa nyingi, kwa usaili wa kazi, kwa kupanda jukwaani. Waandishi wa habari za fedha nao wanalipenda, soko la hisa likianza kutikisika. Hapo mhariri wa gazeti letu angeandika "Wawekezaji matumbo joto" na kila msomaji angeelewa. Kamusi yangu ingeweka angalau alama kwamba neno ni la mazungumzo, nisingekwenda kulibadilisha kwa neno lenye shetani ndani.

Kilichonimaliza ni juzi. Fundi wa intaneti alikuja kupima kasi dukani, kioo kikaonyesha "jitter" 48 ms. Kijana wangu wa kopi, mwanafunzi mzuri wa kamusi, akanisomea kwa sauti: "Dada, intaneti ina wasiwasi milisekunde arobaini na nane." Fundi aliweka chini kikombe cha chai. Kumbe kwao, bila ile s, ni kupishana kwa muda wa pakiti za data kufika: moja inawahi, nyingine inachelewa, ndiyo maana sauti inakatikakatika kwenye simu za video.

Toleo la bure lipo, lakini kila baada ya maneno machache linakuletea tangazo la mikopo. Kwa mwanafunzi wa sekondari, lipia, halina ubaya. Kwa anayetafsiri barua za posa, kaa na mtu mzima pembeni.

Nimewaandikia wenye kamusi waongeze mchecheto. Wamenijibu siku ile ile, kwa Kiingereza, kwamba maoni yangu wanayathamini sana.