WhatsApp au SMS kwa chama cha wakulima wa mpunga Ahero?

WhatsApp ina raha yake: katibu anapiga picha muhtasari wa kikao, kamati nzima inausoma. Kundi hubeba watu 1,024. Shida ni kelele. Tangazo la zamu ya maji ya mto Nyando hutumwa alfajiri. Kufika saa sita limefukiwa na picha za harusi na pole za msiba. (Nami niliwahi kulikosa, kitalu kikakauka.)

SMS haina mbwembwe. Herufi 160, chama kinalipia kila ujumbe, lakini inaingia hata kwenye mulika mwizi isiyo na bando. Zamu na malipo ningeyapeleka huko, WhatsApp ibaki ya kamati.

Kwa wanunuzi wa Kisumu? Msemaji mmoja, namba moja.