Orodha Nyekundu ya IUCN: Mapitio ya Huduma Inayotaja Sababu za Kutoweka kwa Viumbe

Watu wengi huifahamu Orodha Nyekundu, yaani orodha inayoonyesha kila spishi (aina ya kiumbe) iko karibu kiasi gani na kutoweka, kupitia habari fupi: spishi fulani imetangazwa kuwa hatarini, picha yake inasambazwa, na baada ya muda mfupi jambo lenyewe limesahaulika. Kwa kuwa naitumia tovuti yake mara kwa mara, nimefikia maoni kwamba daraja la hatari, ambalo ndilo hunukuliwa kila mahali, lina manufaa madogo kuliko maelezo yaliyo chini yake. Humo ndimo inamoelezwa, spishi moja baada ya nyingine, ni shughuli gani ya binadamu inayoiangamiza na ni hatua gani zimechukuliwa kuizuia.

Orodha hii ilianzishwa mwaka 1964 na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN. Msomaji, mwanafunzi na mtafiti huitumia bila malipo, ilhali matumizi ya kibiashara ya takwimu zake yana utaratibu wake wa kulipia. Imekwisha kutathmini zaidi ya spishi 160,000, na zaidi ya 46,000 kati ya hizo zimo katika hatari ya kutoweka.

Daraja halitolewi kwa kukisia. Mojawapo ya vigezo hupima kiasi ambacho idadi ya viumbe imepungua katika miaka 10 au katika vizazi vitatu, kwa kuchukua kipindi kilicho kirefu zaidi. Na pale ambapo upungufu bado unaendelea, asilimia 30 huiingiza spishi katika daraja la chini la hatari, asilimia 50 katika la pili, na asilimia 80 katika la juu kabisa. Hesabu ya vizazi ni ya busara kubwa, kwa sababu mnyama anayezaa kwa nadra anaweza kupungua polepole kiasi kwamba wanaoishi karibu naye wasing'amue. Machi 2021 tembo wa msituni wa Afrika alipandishwa hadi daraja la juu kabisa la hatari, baada ya kubainika kwamba idadi yake ilishuka kwa zaidi ya asilimia 86 katika kipindi cha miaka 31, kwa sababu ya ujangili na kupotea kwa makazi.

Ripoti ya jopo la kimataifa la bayoanuwai (yaani wingi wa aina za viumbe), IPBES, iliyotolewa mwaka 2019, ilikadiria kwamba spishi zipatazo milioni 1 za mimea na wanyama zimo hatarini, na ikataja visababishi vikuu vitano kwa mpangilio wa uzito: mabadiliko ya matumizi ya ardhi na bahari, uvunaji wa moja kwa moja wa viumbe, mabadiliko ya tabianchi, uchafuzi, na spishi vamizi, yaani viumbe wageni wanaowadhuru wenyeji. Mpangilio huo unasaidia kuelewa hali ya dunia kwa jumla, lakini hautoshi kumwambia mtu afanye nini. Orodha Nyekundu hulijaza pengo hilo, kwa kuwa humteremsha msomaji kutoka kwenye neno pana kama "uchafuzi" hadi kwenye kitendo kinachoweza kusimamishwa.

Mfano ulionishawishi kuliko yote ni wa tumbusi wa Asia Kusini. Katika miaka ya 1990 ndege hawa walianza kufa kwa wingi mno, na sababu haikujulikana hadi mwaka 2004, ilipothibitishwa kwamba ni diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu iliyokuwa ikitumiwa kutibu ng'ombe. Tumbusi aliyekula mzoga wa ng'ombe aliyetibiwa karibuni aliharibika figo na kufa. Mwaka 2006 India, Pakistani na Nepali zilipiga marufuku matumizi ya dawa hiyo kwa mifugo, na meloksikamu, ambayo haiwadhuru ndege hao, ikapendekezwa kuwa mbadala. Hata hivyo, dawa nyingine zenye madhara ya aina ileile ziliendelea kutumika, na India ilizizuia mbili kati yake, ketoprofeni na aseklofenaki, mwaka 2023 tu. Mtu anayesoma daraja peke yake hujua kwamba tumbusi wanakwisha. Anayesoma maelezo hujua kwamba tatizo lilikuwa na jina, lilikuwa na mbadala, na kwamba sheria inayozuia kitu kimoja bila kuangalia vinavyofanana nacho huacha mlango wazi.

Ukurasa wa chura wa Kihansi nao unastahili kusomwa polepole. Chura huyu mdogo sana, ambaye hazai mayai majini bali huzaa vyura wachanga waliokamilika, aliishi katika eneo dogo mno la Tanzania lililolowanishwa na manyunyu ya maporomoko ya mto. Bwawa la kuzalisha umeme lilipogeuza sehemu kubwa ya maji, manyunyu yalipungua; mifumo ya kunyunyizia maji ikawekwa ili kuyafidia, lakini idadi ya vyura iliporomoka, na maradhi ya ukungu ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa na kuporomoka huko. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, akabaki katika hifadhi za kuzalishia wanyama, na mwaka 2012 kazi ya kumrejesha ilianza. Nimeona watu wakimchukulia chura huyu kama kikwazo cha maendeleo, jambo linalonisikitisha, kwa sababu kisa chake kinaonyesha kwamba tathmini ya viumbe ilipaswa kukamilika kabla mto haujaguswa.

Kuhusu spishi vamizi, tafuta konokono wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Partula wa visiwa vya Pasifiki. Konokono mkubwa wa Afrika alipelekwa huko na watu, akageuka mharibifu wa mazao. Ili kumdhibiti, akaletwa konokono mwingine anayekula wenzake, naye akawashambulia Partula wenyeji hadi spishi nyingi zikatoweka.

Huduma hii ina mapungufu ambayo mtumiaji hana budi kuyajua. Ndege wote wanaotambuliwa wametathminiwa, na mamalia karibu wote, lakini wadudu waliokwisha kupewa majina ya kisayansi, ambao wanakaribia au kuzidi milioni 1, wameguswa kwa sehemu ndogo sana, na kuvu ndio kwanza wanaanza. Kwa hiyo kutomwona kiumbe katika orodha hakumaanishi kwamba yu salama. Tathmini iliyopita miaka 10 huhesabiwa kuwa inahitaji kusasishwa, na zipo nyingi za namna hiyo, hivyo tarehe isomwe kabla ya daraja. Maelezo mengi yameandikwa kwa Kiingereza, na ni rahisi zaidi kupata kitu kwa jina lake la kisayansi. Upungufu ninaouona mzito zaidi ni kwamba sehemu ya vitisho hutaja kilimo, uchimbaji au uvuvi, lakini kwa kawaida haifuatilii mazao hayo yananunuliwa na nani, na mnunuzi aliye mbali hujiona hahusiki.

Ningependekeza kuanza na spishi zilizopata nafuu, kwa kuwa humo ndimo hatua zinaonekana zikifanya kazi. Choroa wa Uarabuni, aliyemalizwa porini na wawindaji mwaka 1972, alirejeshwa Omani kuanzia mwaka 1982, na mwaka 2011 alishushwa daraja la hatari. Simba mangu wa Iberia, yaani wa Hispania na Ureno, walikuwa 62 tu waliokomaa mwaka 2001. Kufikia mwaka 2022 walikuwa 648, baada ya sungura, ambao ndio chakula chao, kuongezwa, makazi kutengenezwa, na wanyama waliozalishwa katika hifadhi kuachiliwa. Baada ya hapo, tumia utafutaji wa kina, uchague aina moja ya tishio na nchi moja, kisha usome sehemu ya hatua za uhifadhi katika kila ukurasa utakaotokea. Walimu, waandishi wa habari na wajumbe wa kamati za mazingira ndio watakaofaidika zaidi na zoezi hilo.