Mhariri mzuri, ila mazimwi yalimshinda

Nilimpa mhariri mmoja wa kujitegemea hapa Tanga mswada wangu wa hadithi za watoto. Bei nafuu, na kazi ilirudi kabla ya siku tuliyokubaliana. Lakini herufi kubwa jamani! Kila zimwi limekuwa "Zimwi", kila jini "Jini", hata nguva aliyekaa zake mwambani anachana nywele kapandishwa cheo. Popobawa sawa, hilo ni jina lake, ndilo Wapemba walilomwitia mwaka 1995 alipowanyima usingizi. Zimwi ni aina tu ya kiumbe, na mbona fisi kwenye ukurasa huohuo kaachwa na herufi ndogo? Nilipompigia hakubisha, akarekebisha yote bila kudai hata shilingi. Tahajia na alama za kunukuu kazinyoosha vizuri mno. Nampa na mswada wa pili, ule wa vibwengo.