TAHADHARI: Muuza klipsi za Benzi za zamani anayeomba "sampuli"

Wakuu, poleni na majukumu. Kama una Benzi W123, Pijo 504 au gari yoyote ya zamani na umefika kwenye hatua ya kurudisha mikanda ya pembeni, soma hadi chini kabla hujatuma hela kwa mtu anayekwambia, "Klipsi orijino ninazo, nipe tu sampuli moja mbili nihakikishe."

Jina lake siliandiki, na kusema kweli silijui. Namba aliyotumia kwangu haipatikani tena, na bila shaka sasa ana nyingine. Kwa hiyo mtambueni kwa mbinu yake, maana hiyo habadilishi.

Gari yenyewe ni Benzi W123, aina ya 200, ya mwaka 1981, ya marehemu baba. Ilikaa miaka tisa chini ya mwembe nyumbani Kurasini, ikila chumvi ya bahari na kinyesi cha kunguru. Mwaka jana nikaitoa, nikampelekea fundi bodi Tabata, akaikwangua, akakata kutu, akapiga puti na rangi ile ile ya bluu aliyoipenda mzee. Vitu vikubwa vyote nilivipata. Taa, raba za milango, hata kioo cha nyuma. Kilichonitoa jasho ni vitu vidogo kuliko kidole gumba.

Kwa ambaye hajawahi kung'oa mkanda wa pembeni: ule urembo unaopita milangoni hushikwa na klipsi za plastiki zilizochomekwa kwenye matundu ya bodi, na mkanda unabanwa juu yake. Klipsi ikishakaa miaka arobaini juani inakuwa kama kaukau. Fundi akiuvuta mkanda, shingo inakatika, nusu inabaki kwenye tundu na nusu inadondoka chini. Kwenye gari yangu zilipona nne tu. Hizo nne, nazo zikiwa na alama ya rangi ya bluu shingoni kutoka kwenye rangi ya zamani, niliziweka kwenye kikopo cha dawa kama dhahabu.

Jumamosi tatu nzima nilishinda Gerezani. Kila duka ukiuliza klipsi unawekewa kaunta nzima, ila ni za bampa na za kapeti za Toyota, maana ndiyo gari za mji huu. Ukitaja mia na ishirini na tatu, kijana anadhani unataja bei. Winga mmoja, wale madalali wa mtaani, alinizungusha maduka manne, la tano likawa lile tulilolianzia, na bado akataka hela ya maji. Sikumlaumu sana. Yeye angalau alikuwa na jua kichwani kama mimi.

Ndipo kwenye kundi letu la WhatsApp mtu akanirushia namba. "Huyu jamaa ana spea za Benzi za kale, ongea naye."

Nikampigia. Wakuu, huyu mtu anajua kuongea. Hakukimbilia bei. Aliniuliza kama gari yangu ni sedani au stesheni wagoni, halafu akauliza, "Kaka mkubwa, hiyo ni ya taa za duara au za mraba?" Anayezijua W123 anaelewa uzito wa swali hilo: hadi 1982 aina za chini zilikuwa na taa za duara, kisha za mraba zikawekwa kwa zote. Nikajisemea, huyu si mbabaishaji. Nilisahau kwamba maswali ya aina hiyo hayamgharimu mtu chochote kuyakariri.

Akaomba sampuli. "Zipo aina zaidi ya moja, nisije nikakuuzia zisizoingia." Maelezo hayo ni ya kweli kabisa, na ndiyo maana mtego unanasa. Akatuma bodaboda, nikampa klipsi tatu kati ya zile nne.

Baada ya siku mbili tukakutana Kariakoo, kwenye mgahawa, saa saba mchana, watu wamejaa. Akatoa kibati kidogo chenye klipsi tatu. Si zangu, zangu alisema amewaachia "watu wa stoo". Nikazilinganisha na ile moja iliyobaki. Zile zile! Nzito, ngumu, shingo inapinda na kurudi, namba ndogo imechorwa chini ya kichwa. Niliona moja ina ukungu wa rangi nyeupe shingoni. Nikadhani ni vumbi la stoo, nikaifuta kwa kidole. Haikutoka. Na mimi sikuuliza.

Nilihitaji 36, kila moja 3,500. Jumla 126,000. Akanipa namba ya simu, sio lipa namba. Nilipoingiza kiasi likaja jina la mwanamke. "Ni laini ya shemeji yako, yangu imejaa," akasema huku anacheka. Na mimi nikacheka, nikabonyeza namba ya siri. Mtu aliyekulia Dar, ambaye kila wiki napokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" na kuufuta kwa dharau, nikatuma hela kwa jina nisilolijua huku nimekaa na mpokeaji meza moja.

Siku nne baadaye, mzigo "umekwama, kuna ushuru". Nikatuma 45,000 nyingine. Zikawa 171,000.

Niseme haki: mzigo ulikuja. Hapo ndipo anapowazidi matapeli wa kawaida. Akikutoroka bila kuleta kitu utapiga kelele siku hiyo hiyo. Yeye analeta boksi la bluu, limefungwa vizuri, lina kibandiko chenye namba, na ndani mna klipsi 36 nyeupe zinazofanana na zako ukiziangalia kwa haraka. Unamwambia ahsante. Unampa hata nyota. Nikauliza sampuli zangu, akasema zitafuata.

Fundi alipoanza kuzichomeka akaniambia zinalegea. Akashauri aweke silikoni kidogo kwenye kila tundu ili zishike. Nikakubali, na kosa hilo ni langu: klipsi inayohitaji gundi ili ikae kwenye tundu lake si klipsi ya tundu hilo. Gari ikatoka inang'aa, mama akalia alipoiona.

Wiki ya tatu, Jumapili, niko Daraja la Tanzanite natokea Upanga kwenda Coco. Ni Julai, kusi inapiga kwa ubavu kutoka baharini. Nikasikia pa-pa-pa mlangoni, kama mtu anagonga kwa kijiti. Kabla sijapunguza mwendo, mkanda wa mlango wa mbele ukachomoka wote. Kwenye kioo niliuona ukiruka, ukatua kwenye lami, gari ya nyuma ikaupanda. Ulipokunjika ulikuwa na umbo la herufi L. Mkanda wa kiwandani, wa tangu 1981, ambao baba aliufuta kwa kitambaa kila Ijumaa. Klipsi ya 3,500 unaweza kuisamehe. Hilo bado linanichoma.

Nyumbani nikang'oa zilizobaki. Kati ya 36, kumi na tisa zilikuwa na ufa shingoni baada ya wiki tatu za jua. Nikaazima vernia, kile kipimo cha unene, kwa jirani: shina lilikuwa pungufu karibu milimita moja likilinganishwa na ile yangu ya zamani. Halafu nikafanya jambo ambalo ningelifanya kabla, lingeniokoa. Nikajaza maji ndoo, nikatupia ile moja ya zamani. Ikazama. Nikatupia mpya kumi. Zote zikaelea kama maboya.

Sababu yake ni hii. Klipsi nzuri za kiwandani kwa kawaida ni za nailoni au asetali, plastiki nzito kuliko maji. Polipropilini, ile ya ndoo na vikombe vya bei chee, ni nyepesi kuliko maji, inaelea. Ina kazi zake, na bampa za kisasa zinaitumia, lakini ikiwa nyembamba, bila dawa ya kuikinga na jua, mlangoni mwa gari linaloegeshwa nje Dar es Salaam, haifiki mbali. Ila angalieni: kuelea kunaihukumu klipsi iliyouzwa kama nailoni, kuzama hakuisafishi. Plastiki ya ovyo ikichanganywa na unga wa madini nayo inazama.

Kibandiko cha boksi je? Namba za spea za Mercedes kwa kawaida ni herufi A ikifuatiwa na tarakimu kumi. Cha kwangu kilikuwa na tisa. Nilizihesabu baada ya kulizwa. Tarakimu tatu za mwanzo mara nyingi huonyesha gari ambalo kifaa kilitengenezewa kwanza, kwa hiyo usikatae kifaa kwa sababu tu hakianzi na 123, maana vidude vidogo hutumika kwenye gari nyingi. Lakini A yenye tarakimu tisa, shtuka.

Sasa sikilizeni sehemu iliyonifanya nikae kuandika yote haya.

Nilipoeleza kwenye kundi, watu wawili wakanifuata inboksi. Wa kwanza ana Benzi 230E nyeupe, yuko Mikocheni. Naye aliombwa sampuli mwezi mmoja kabla yangu, hazikurudi. Gari yake ni nyeupe. Nikakumbuka ule ukungu mweupe ambao haukufutika. Wa pili, wa Mbagala, hakuwa amelipa bado. Alikuwa amekutana na jamaa wiki ile ile, mgahawa mwingine, kibati kile kile, akaonyeshwa klipsi tatu "mpya". Alizipiga picha. Akanitumia. Wakuu, shingoni kuna bluu. Bluu ya zamani ya gari ya baba yangu.

Kwa hiyo huyu mtu hana stoo, hana mzigo wa Ujerumani, hana ushuru. Ana kibati. Klipsi halisi unazoonyeshwa ni za aliyelizwa kabla yako, na za kwako zinakwenda kumliza anayefuata. Ndiyo maana zinapita kila kipimo ukiwa mezani, kwa sababu ni za kweli. Za ndani ya boksi hazina uhusiano wowote nazo.

Basi sampuli isitoke mkononi mwako. Mwenye duka akitaka kulinganisha, nenda nayo, alinganishe ukiwa umesimama, rudi nayo. Kwa mtu wa mbali mtumie picha ya sampuli ikiwa juu ya rula, upana wa kichwa, urefu wa shina, na kipenyo cha tundu kwenye bodi. Na mzigo ukaguliwe ule wenyewe utakaouchukua: fungua boksi, chomoa moja ya katikati, siyo ya juu, chomeka kwenye tundu la gari yako kama ipo hapo, pinda shingo. Kama gari yako inatumia klipsi za chuma, ibane kwa vidole halafu iachie. Chuma cha springi kinarudi, bati la kawaida linabaki limepinda.

Lipa baada ya hapo, kwenye lipa namba yenye jina la duka, na dai risiti ya EFD. Jina la mtu mwingine likitokea kwenye simu, simama. Shemeji angu hajawahi kuuza spea.

Wenye W123 tusijidanganye kwamba tunatafuta almasi. Zilitengenezwa karibu milioni 2.7, na Mercedes wenyewe bado wanahudumia magari yao ya kale kupitia kituo chao cha Fellbach, karibu na Stuttgart, tangu 1993. Nimeshaagiza kwa wakala kwa kutumia namba ya chasisi. Bei inauma na kusubiri kunauma, lakini ukijumlisha 171,000, silikoni, na fundi kurudia kazi, nilichokimbia kimenigharimu zaidi. Zikifika nitaziloweka kwenye maji ya moto kwanza, maana nailoni kavu ni rahisi kukatika wakati wa kuchomeka, na fundi atapaka primer na nta kwenye ukingo wa kila tundu. Matundu mawili yameshaanza kutu. Klipsi iliyolegea inacheza, inakwangua rangi, na chumvi yetu inajua njia.

Kwa upande wa sheria nimefungua RB polisi, nimetoa meseji zote za muamala, na ile namba nimeituma 15040 kama TCRA wanavyoelekeza. Wa Mikocheni naye ameenda. Mwingine aliyepita kwenye kibati kile anifuate inboksi na tarehe yake na jina lililotokea kwenye simu, tuunganishe. Namba yake msiiweke hapa wala picha ya sura yake, mpelelezi ameomba hivyo.

Mkanda uko kwa fundi bati mmoja mzee wa Gerezani. Anaunyoosha kidogo kidogo juu ya gogo la mninga, haahidi kitu.

Na mtu akikuwekea mezani klipsi tatu, moja ina alama ya bluu shingoni, usimwambie lolote. Piga picha, niite. Nazitaka.