Spirax S2 A 80W-90 kwenye difu ya Hilux Vigo: oili nzuri, ila soma herufi kabla ya kulipa

Kwa Hilux Vigo inayobeba mzigo kwenye joto letu, Shell Spirax S2 A 80W-90 ni oili sahihi ya difu ya nyuma, yaani gia za ekseli zinazopeleka nguvu kwenye matairi. Ni oili ya madini, si sintetiki, na ina daraja la API GL-5 ambalo kitabu cha gari kinalidai. Hatari yake iko dukani. Kwenye rafu hiyohiyo utakuta Spirax S2 G 80W-90, namba zilezile za unene, tofauti ni herufi moja tu. G ni oili ya gia boksi, daraja GL-4. A ni ya ekseli. Muuzaji anayesikia "nipe tisini" anaweza kukupa yoyote kati ya hizo mbili.

Herufi hiyo ndiyo inayoamua maisha ya difu. Pinioni ya Hilux, gia ndogo ya difu, imekaa chini ya kitovu cha kronwili, ile gia kubwa, kwa hiyo meno yake hayabingiriki tu, yanateleza yakisuguana huku yamebeba uzito wa gari na mzigo. Msuguano huo unafuta utando wa oili. Kinachookoa chuma ni viungo vya salfa na fosforasi, ambavyo penye joto kali hushikana na uso wa jino na kuacha ngozi nyembamba ya kinga. GL-4 ina takriban nusu tu ya viungo hivyo. Ukiimwaga kwenye difu gari litatembea vizuri kwa muda, kisha utaanza kusikia mluzi ukiachia pedali ya mafuta barabarani. Meno yakishachunika hayaponi, hata ukiweka oili ya bei gani. Ile harufu kali ukifungua chupa ni ya salfa hiyohiyo, isikutie shaka.

Mafundi wengi wanapendekeza 85W-140 kwa gari la mzigo. Oili ya 90 kwenye nyuzi 100 ina unene usiopungua 13.5 cSt (kipimo cha unene wa oili); ya 140 haipungui 24. Kwenye difu iliyochoka, yenye kelele, uzito huo unasaidia kutuliza sauti. Kwenye difu nzima unapoteza nguvu na mafuta kuikoroga oili, nayo yenyewe inazidi kupata moto. Kama difu haina kelele, baki na 80W-90. Sintetiki ya 75W-90 inaleta maana kwa anayevuta trela kila siku au anayepanda milima mirefu na mzigo. Kwa wengine wote, hela hiyo ni bora ibadilishe oili mapema zaidi.

Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa usiiguse. Hujui kama ni GL-4, GL-5 au mabaki ya injini, na macho hayawezi kukuambia.

Kumwaga na kujaza hakuhitaji mengi: spana ya boksi ya 24, wacha mpya mbili (pete za kuzibia nati), pampu ya mkono au mpira wenye faneli, na beseni. Nunua lita 4, maana difu ya nyuma humeza kati ya lita 2 na 3 na kidogo kutegemea aina ya ekseli. Endesha gari kwanza ili oili ipate moto na uchafu uelee. Simamisha pa tambarare, weka kabari kwenye matairi. Fungua nati ya kujazia KWANZA. Ukianza na ya chini, ya kumwagia, oili ikamwagika, halafu ya juu ikagoma kwa kutu, gari limelala hapohapo.

Nati ya chini ina sumaku, na hiyo ndiyo ripoti ya difu yako. Tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida; lifute. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni jino au beringi, na hapo kubadili oili peke yake ni kujidanganya. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, mara nyingi baada ya kuvuka mto: difu ya moto ikipoa ghafla huvuta maji ndani kupitia sili au tundu la hewa lililo juu ya ekseli. Safisha tundu hilo kila unapobadili oili. Likiziba, hewa inayopanuka kwa joto husukuma oili kupita sili za ekseli hadi kwenye breki za nyuma, na breki shu zikishalowa ni za kutupa.

Jaza mpaka oili ianze kuchuruzika tundu la kujazia. Milimita 5 chini ya ukingo inakubalika. Kosa la kawaida ni kuinua nyuma tu kwa jeki. Oili inakimbilia mbele, tundu lililo nyuma linadanganya, unajaza kupita kiasi, na oili iliyozidi hutoa povu na kutafuta njia kwenye sili. Kaza nati zote mbili kwa Nm 49. Bomba la mita juu ya spana hukata nyuzi za nati.

Kwa lami na mzigo mwepesi, kilomita 40,000 zinatosha. Kwa matope, trela au mawe ya ujenzi, punguza hadi 20,000. Ukivuka maji yaliyofunika difu, usihesabu kilomita: ifungue wiki hiyohiyo uangalie.

Oili hii isiwekwe kila mahali. Difu yenye LSD, inayojibana yenyewe ili tairi moja lisizunguke bure, inataka oili iliyoandikwa hivyo, la sivyo gari litatetemeka na kugugumia kwenye kona. Ile ya loki ya kubonyeza swichi haina shida hiyo. Na Hilux za kuanzia 2015, zile Revo, nyingi zinataka 75W-85 GL-5, oili nyepesi zaidi. Mwenye Revo asome kitabu chake kwanza, asinakili chupa ya jirani mwenye Vigo.