Uzoefu wangu: kibao cha MAX3232 kati ya mizani na ESP32

Mizani ya kidijitali ninayoihudumia Kibirizi, Kigoma, ya kupimia magunia ya dagaa, ina tundu la DB9 (lenye pini tisa) nyuma. Kibao hiki kidogo chenye chipu ya MAX3232, inayobadilisha volti za mawasiliano, nakitumia kuchukua uzito kwenye tundu hilo na kuupeleka kwenye ESP32, kompyuta ndogo ya kuprogramu. Bei yake haifiki ya ESP32 yenyewe. Kinafanya kazi vizuri, ila ukikiunga kama wauzaji wengi wanavyochora, utaunguza pini.

Tundu la mizani ni RS-232, kiwango cha zamani cha kutuma data kwa waya. Humo, 1 ni kati ya volti -3 na -15, na 0 ni kati ya +3 na +15. ESP32 inataka 0 iwe karibu na volti sifuri na 1 iwe 3.3, na pini zake hazipaswi kuzidi 3.6. Kwa hiyo volti ni kubwa mno, na juu yake mawimbi yamepinduliwa. Anayeweka rizista mbili za kugawanya hajatatua hilo la pili: herufi zitakuja takataka, na volti hasi bado inaingia kwenye pini. Rizista za 1k na 2k ziache kwa Arduino Uno inayotuma kwa ESP32. Hapo 5 inashuka hadi 3.33 na mambo yanakwenda. Vile vibao vya kubadilisha volti vya BSS138 vya njia nne navyo ni vya 5 na 3.3 tu, volti hasi havizijui. Duka lolote likikushauri kuviweka kwenye RS-232, nunua kwingine.

Sasa umeme wa kulisha kibao. Maelezo yanasema kinakubali volti 3.0 hadi 5.5, na ni kweli kwa chipu. Lakini upande wa pili, pini inayopeleka data kwa ESP32 inapanda hadi volti ileile uliyolisha VCC (pini ya umeme). Ukiipa 5, ESP32 inapigwa na 5. Lisha 3.3 kutoka ESP32 yenyewe.

Kabla ya kuunga, piga picha chipu kwa simu uikuze usome namba. Ikiwa ni MAX232 bila ile 3 ya ziada, irudishe: hiyo inahitaji volti 5. Kisha weka multimita kwenye 20V DC, waya mweusi kwenye GND (pini ya volti sifuri), mwekundu kwenye pini ya 2 ya chipu, halafu ya 6. Ikilishwa 3.3 utaona takriban +5.5 na -5.5. Ukikuta upande wa hasi umelegea kwenye -1 au -2, angalia risasi ya kulehemu ya zile kapasita ndogo za 0.1 µF, moja huwa haijashika. Chipu ikiwa ya moto kidoleni huku haijaungwa na kitu, itupe.

Jaribio la mwisho kabla ya mizani: unganisha pini 2 na 3 za DB9 kwa kipande cha waya, tuma maneno kutoka ESP32. Yakirudi yalivyo, kibao ni kizima.

Kinachonikera ni maandishi ya TX (kutuma) na RX (kupokea). Kuna vibao ambavyo TX ni pini ambayo kibao chenyewe kinatumia kutuma, na vingine ni pini ya kuungwa kwenye TX ya ESP32. Usibahatishe. Upande wa mizani nao, ikiwa imewashwa, pima pini 2 na 3 dhidi ya pini ya 5 (GND): inayoonyesha kati ya -5 na -12 ikiwa imetulia ndiyo inayotuma, na hiyo ndiyo iende kwenye pini ya kupokea ya kibao.

Kwenye programu naweka Serial2.begin(9600, SERIAL_8N1, 16, 17). Ukiwa na ESP32 ya WROVER chagua pini nyingine, maana 16 na 17 zimeshachukuliwa na kumbukumbu ya ndani. Takataka zinazojirudia kwa mpangilio uleule ni kasi isiyolingana, au mizani inatuma 7E1 (biti 7 na pariti shufwa) badala ya 8N1. Herufi zinazokuja na kukatika ovyo, kagua waya wa GND kati ya mizani na kibao kwanza. Mizani ikiwa ya betri watu huusahau.

Unyevu wa mwaloni, huku ufukweni, unazifanya pini za DB9 ziote kijani, kwa hiyo funika tundu kazi ikiisha. Ukiagiza Dar, taja kama unataka DB9 ya kike au ya kiume, la sivyo utaletewa yoyote iliyopo.